Jumamosi Ambayo Moraa Alikataa Kuketi

Ukimtaka Gertrude Moraa akuchekeshe, mwulize habari za miaka yake katika kampuni ya opera. Atakueleza jinsi watu sitini, masanduku mia moja ya mavazi na mbwa mmoja mwenye kiburi walivyozunguka Uingereza kwa treni kila Jumapili, wiki hii Leeds, wiki ijayo Cardiff, wakiigiza hadithi ambazo ndani yake hakuna mtu anayesema neno la kawaida. Hata akitaka maji ya kunywa huyaomba kwa kuimba. Atakueleza vyumba vya kupanga vyenye hita ya gesi isiyowaka mpaka uilishe sarafu, na wenye nyumba walioamini kabichi haiivi mpaka ichemke tangu alfajiri. Atamwigiza Bi Pell, mwimbaji mkuu wa sauti nzito, akimchambulia mbwa wake kuku wa kuoka huku kwaya nzima ikitafuna mkate mkavu kwenye stesheni ya Crewe. Utacheka mpaka mbavu zikuume.

Lakini liko jambo moja asilolisema. Mwaka 1978 alikuwa akifundisha kuimba nyumbani kwake Moseley, na wanafunzi wake walikwisha kuonywa na wenzao: usimwulize alipataje kuimba nafasi ya malkia kwa mara ya kwanza. Aliyeuliza aliambiwa afungue kitabu cha mazoezi, na siku hiyo mazoezi yalikuwa marefu na mwalimu hacheki tena.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi.

Moraa alifika Birmingham mwaka 1963 pamoja na rafiki yake Nyokabi, wote wawili wakiwa wasichana wa kusomea uuguzi. Nyokabi alibaki na sindano zake. Moraa alisikika akiimba wodini alipokuwa akitandika vitanda, akapelekwa kwa mwalimu, mwalimu akampeleka kwa mwingine, na mwaka 1966 akavua sare ya uuguzi akajiunga na kwaya ya kampuni. Wakenya wa Birmingham walisema yote ya kusema. Mtoto wa watu ameacha kazi ya heshima akaenda kupigia Wazungu kelele! Aliyemtetea alikuwa mama yake peke yake, huko Kisii, mama ambaye kwa miaka thelathini ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani kwao. Aliandikisha barua kwa mkono wa binti yake mdogo, Kemunto: "Kama wanamlipa mtu kwa kuimba tu, basi hao ni watu wanaomjua Mungu. Endelea."

Moraa alimjibu mama yake kwa ahadi. Atarudi nyumbani siku atakaposimama jukwaani peke yake, si nyuma ya wanawake ishirini na wanane, ili mama awe na la kuwaambia majirani. Miaka minane ikatimia tangu aondoke, hajarudi. Ahadi za namna hiyo tunajiwekea wenyewe, kisha tunasingizia wazazi.

Miaka mitano kati ya hiyo alikuwa mwimbaji wa akiba wa Bi Pell. Maana yake ni kwamba alijua kila neno na kila hatua ya nafasi ile ya malkia, na kila usiku alikaa pembeni ya jukwaa na kitambaa cha kufuma, akingoja mtu mwenye afya ya punda augue. Bi Pell haugui. Hata Glasgow, kwaya nzima ilipokuwa ikikohoa, yeye aliimba na kumwosha mbwa.

Februari ya mwaka 1971 kampuni ilifika Birmingham kwa wiki mbili. Wafanyakazi wa posta walikuwa kwenye mgomo tangu Januari, na hakuna barua iliyoingia wala kutoka. Barua ya mwisho ya nyumbani ilisema mguu wa mama umevimba, lakini si kitu. Moraa aliisoma mara nyingi mpaka ikachanika kwenye mkunjo, akajiambia kwamba mama akisema si kitu, si kitu.

Alhamisi ya wiki ya pili, Bi Pell alifungua kinywa asubuhi na hakikutoka chochote. Ijumaa jioni meneja wa kampuni, Bwana Fenn, alimwita Moraa kando.

"Kesho onyesho la mchana ni lako," alisema. "Atakuwepo mtu kutoka London anayetupa fedha za msimu ujao. Nitakuambia ukweli, kwaya naipunguza mwezi wa tatu, na jina lako limo kati ya wanaoondoka. Ukiimba vizuri kesho, nafasi ya malkia ni yako mwaka mzima. Ukishindwa, basi. Kama huwezi, niambie sasa."

"Naweza," Moraa alisema.

Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi alikuwa chumbani kwake, katika jumba kubwa la zamani la Bi Tranter huko Moseley, akivuta mvuke wa maji ya moto chini ya taulo. Onyesho lilikuwa saa nane na nusu. Mwenye nyumba akaita kutoka chini: ana wageni watatu, na wamejipangusa viatu vizuri sana.

Moraa alifika katikati ya ngazi akasimama. Mwenye macho haambiwi tazama.

Wa kwanza alikuwa Mzee Alfayo Nyangau, mpagazi wa hospitali na mzee wa Wakenya Wakristo waliokutana Aston kila Jumapili, mtu wa kwao kabisa, wa kijiji cha jirani. Alikuwa amevaa suti nyeusi na tai, Jumamosi asubuhi, kofia mkononi. Wa pili alikuwa Nyokabi, ndani ya koti bado amevaa sare ya zamu ya usiku, macho mekundu. Wa tatu alikuwa Gurnam Singh, fundi wa mitambo huko Tyseley, ambaye baba yake alikuwa na gereji mjini Kisii na yeye mwenyewe alizaliwa palepale. Lugha ya Kigusii aliijua kuliko Nyokabi. Gari lake lilikuwa nje.

Kwao Moraa, habari nzito haiendi na mtu mmoja. Huenda watu watatu, na mmoja wao lazima awe mzee. Tena habari hiyo haisemwi kwa mtu aliyesimama. Huketishwa kwanza, akapewa hata maji ya kunywa, kisha mzee ndiye anayefungua mdomo, kwa sababu aliyesimama ataanguka. Baba yake alipofariki, Moraa alikuwa shuleni, darasa la saba. Walikuja wanaume watatu wenye makoti, wakamketisha kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, wakampa uji. Mpaka leo hawezi kunywa uji. Na baada ya siku ile koo lake lilifunga wiki tatu nzima. Hakuweza kuimba wala kusema kwa sauti, alinong'ona tu kama mtoto mwenye surua.

Kwa hiyo alijua. Mama amekufa.

Akashika ukuta. Kisha likamjia wazo, na tusimlaumu upesi, maana wazo lilimjia likiwa limevaa nguo za busara. Mama amekufa, na kwa mgomo huu wa posta, huenda amekufa siku nyingi na amekwisha kuzikwa. Maiti hana haraka. Hawa watatu wakisema sasa, koo litafunga, na miaka minane yote itakuwa ya bure, hata kwa mama mwenyewe. Wakisema jioni, habari itakuwa ileile, na mama atakuwa palepale. Ni muda wa saa nane tu. Nani ataibiwa kitu?

Na namna ya kuwazuia aliijua. Hataketi.

"Karibuni, karibuni sana!" alisema akishuka, sauti ikiwa juu kuliko alivyotaka. "Ingieni sebuleni, kuna moto. Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Mzee Alfayo aliketi kwenye ukingo wa kiti. Nyokabi na Gurnam wakaketi. Kikabaki kiti kimoja, chenye mto wa maua, katikati yao. "Njoo uketi."

"Ah, Mzee, mimi nimekaa sana jana. Kwenye kazi yetu, siku ya onyesho hatukai, tunabana pumzi." Alisimama kando ya jiko la makaa, mgongo ukiungua. Huo ulikuwa uongo mtupu. Siku ya onyesho Bi Pell hulala kitandani mpaka saa saba.

"Keti kidogo tu."

"Nitaketi jioni, Mzee. Mmesikia lakini? Leo naimba! Peke yangu, malkia mzima, na taji. Nyokabi, unakumbuka ulivyonicheka nikiimba kwenye sluice, kile chumba cha uchafu, nikiosha bedpan za wagonjwa? Basi leo."

Nyokabi hakucheka. Gurnam alijisogeza kwenye kiti. "Dada, hiyo ni habari nzuri sana, hongera, lakini sikiliza bwana, time yenyewe..."

"Gurnam," Mzee Alfayo alisema bila kumtazama.

Gurnam akarudi nyuma kwenye kiti. Alikuwa mtu wa heshima, na kwa Mzee Alfayo alikuwa kama mtoto. Lakini miguu yake haikutulia, na Moraa akadhani anawahi zamu Tyseley.

"Nikawaletee chai," alisema, akatoka kabla hawajakataa.

Jikoni alimimina maji nje ya buli. Nyokabi alikuwa nyuma yake.

"Moraa."

"Sukari iko pale juu."

"Moraa, acha sukari. Please. Mzee atakaa hapo mpaka kesho akingoja uketi, unamjua. Mimi si mtu wa kwenu, mimi naweza kukuambia hapahapa..."

Moraa aligeuka akamziba mdomo kwa kiganja. Hakumziba kwa upole. Mikono yake ilinuka mafuta ya mkaratusi, na chini ya kiganja alisikia meno ya rafiki yake.

"Ukinipenda, usiseme. Najua mlichokuja nacho. Najua! Nimekijua nilipowaona. Niachie leo tu."

Nyokabi aliutoa mkono ule polepole. "Unajua?"

"Najua."

"Na unaimba?"

"Naimba."

"Lakini kitu kama hiki hakingoji, Moraa."

"Kitangoja. Kitakuwa kilekile jioni."

Nyokabi alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Walikuwa wamelala chumba kimoja miaka mitatu, wamevaliana sweta, wameombeana. Moraa aliuona mtazamo ule ukamchoma, lakini akajiambia ni hasira ya kawaida. Watu hawapendi anayechelewesha kilio. Akabeba sinia, akaingia sebuleni mbele yake.

Mzee Alfayo hakugusa kikombe. "Chai haiendi chini mwenyeji akiwa wima," alisema.

"Leo itaenda, Mzee." Akaiweka sinia mezani. Aliona bora amalize mwenyewe. "Mzee wangu, mnisamehe. Nimekwisha kumwambia Nyokabi. Habari mliyokuja nayo naijua. Nawaomba mniwekee mpaka onyesho liishe. Saa kumi na moja na nusu nitaketi mbele yenu, nitasikiliza kila neno, na mtanifanya mtakavyo. Kabla ya hapo, hapana."

Makaa yalilia ndani ya jiko. Mzee Alfayo alimgeukia Nyokabi, naye Nyokabi akatikisa kichwa kukubali: ndiyo, anajua.

"Unaijua yote?" mzee aliuliza.

"Yote."

"Na huo ndio uamuzi wako."

"Ndio uamuzi wangu."

"Dada, gari liko hapo nje," Gurnam alisema, karibu kulia. "Liko na mafuta full. Sema tu neno."

"Gurnam, mwache." Mzee aliinuka, akavaa kofia, akaivua tena kwa kuwa alikuwa bado ndani ya nyumba. "Wewe ni mtu mzima, Moraa. Mimi si baba yako. Nikikushika mkono kwa nguvu nitakuwa nani?"

Maneno hayo yalimwuma kuliko kofi. Hata hivyo aliwapa tiketi tatu za bure alizopewa na Bwana Fenn, viti vya mstari wa nne, na mzee akazipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu asichokitaka. Walipotoka, Moraa alirudi juu kwenye mvuke wake.

Saa saba alikuwa ukumbini, katika chumba cha kuvalia cha Bi Pell, mbwa akimnung'unikia kutoka kwenye kikapu. Mpaka-rangi wa kampuni, anayewapamba waimbaji nyuso, hakuwa na poda inayofanana na ngozi ya Moraa hata baada ya miaka mitano, kwa hiyo alijichanganyia mwenyewe kwenye kopo, kama kawaida, huku amesimama. Wigi alivalishwa amesimama. Fundi wa nguo alimwomba aketi afunge viatu. Moraa akainua mguu mmoja baada ya mwingine, akishikilia meza. Alikuwa sasa anaogopa kiti chenyewe, kiti chochote. Akijua ni upuuzi, bado aliogopa.

Hadithi ya opera ile ilikuwa ya malkia aliyemnyang'anya dada yake ufalme. Tendo la kwanza alipanda jukwaani akaimba vizuri, sauti ikatoka safi, na yeye mwenyewe alishangaa, kwa kuwa ndani alikuwa mkavu kama kuni. Tendo la pili pia. Mwongoza muziki, mtu asiyewahi kumtazama mwanakwaya machoni, alimtikisia kichwa kwa kuridhika. Pembeni, Bwana Fenn alikuwa akisugua viganja.

Tendo la tatu ndilo lililokuwa na shida aliyoisahau. Pazia linapofunguliwa, malkia ameketi.

Ameketi kwenye kiti cha enzi, peke yake, jukwaa tupu, naye anaanza wimbo mrefu kuliko yote akiwa palepale, bila kuinuka, mpaka mwisho. Mara mia alikuwa amemwona Bi Pell akifanya hivyo. Hakuna njia ya kuukwepa. Fundi wa jukwaa alinong'ona, "Miss, twende," naye Moraa akakishika kiti kwa mikono, akajishusha.

Pazia likafunguka. Mwangaza ulikuwa hafifu, na kwa sababu hiyo aliweza kuwaona watazamaji wa mbele. Mstari wa nne, watu watatu. Nyokabi alikuwa ameinamisha uso. Gurnam, kilemba chake cha bluu kikiwa juu ya vichwa vyote. Na Mzee Alfayo, wima kwenye kiti, akimtazama moja kwa moja, kama mzee anavyomtazama mtu aliyekwisha kuketishwa.

Mwili wake ulilijua jambo hilo kabla yake. Uliketi, mzee yuko mbele, basi habari imefika. Koo likaanza kufunga. Alilisikia kabisa, kama kamba inayovutwa. Okestra ilikuwa imekwisha kuanza, zimebaki vipimo vinne aanze, vitatu, viwili, na Moraa hakuwa na sauti, na mwongoza muziki aliinua fimbo na macho yake yakatanuka.

Hapo akamwona mama yake. Si mzimu, alimkumbuka tu, asubuhi ya kanisa, akikohoa mara mbili, kisha akianza wimbo chini sana, chini kuliko wote walivyoweza, ili vikongwe wapate kuingia. Moraa akaanza chini. Ilikuwa chini ya noti iliyoandikwa, karibu kusema, na mwongoza muziki akashtuka akaishusha okestra nzima kumfuata. Kutoka pale sauti ikapanda yenyewe. Alilia na hakulia. Alimwimbia mama yake mazishi yote, palepale, kwa Kiitaliano, mbele ya watu elfu moja na mia nane waliodhani ni habari ya taji. Alipomaliza aliona ameharibu, kwa kuwa hakuanza kama ilivyoandikwa. Kisha ukumbi mzima ukasimama.

Mtu wa London alikuwa na machozi kwenye masharubu. Bwana Fenn alimshika mabega. "Mwaka mzima," alisema, "na jina lako kwenye mabango." Moraa aliitika, akashukuru, akaomba aachwe peke yake na wageni wake.

Waliingia chumba cha kuvalia wote watatu. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Moraa alikuwa bado na wigi. Alivuta kiti cha Bi Pell mwenyewe akaketi, akaunganisha mikono mapajani.

"Sasa nimeketi," alisema. "Nambieni. Alikufa lini?"

Mzee Alfayo alimtazama Nyokabi, Nyokabi akamtazama Gurnam.

"Nani amekufa?" mzee aliuliza.

"Mama."

"Mama yako hajafa!" Mzee Alfayo alishika ukuta. "Nani amekuambia amekufa? Mama yako ni mgonjwa. Ni mgonjwa sana. Mguu umeoza, daktari amempa siku chache, na anakuita. Hana neno lingine, anakuita wewe tu. Binti mmoja wa uuguzi, Mwanakhamis, ametua jana kutoka Nairobi na barua ya Kemunto mkononi. Usiku mzima tumezunguka kwa watu, tumekukatia tiketi. Wewe ulisema unajua! Tulidhani mjomba wako Fanuel amekwisha kukupigia simu kutoka London. Naye binti huyo alimpitishia barua yake. Ulisema unaijua yote."

"Nilijua mmekuja watatu," Moraa alisema. "Mmekuja na tai."

"Nilivaa tai kwa kuwa nilikuwa naenda kumwambia mtu mama yake anakufa. Ningevaa nini?"

"Ndege ni saa ngapi?"

Aliyejibu ni Gurnam, na alijibu akitazama sakafu. "Saa moja. Kutoka London. Tungeondoka asubuhi ile, tungefika na muda wa kunywa chai."

Moraa aliinuka. Alitoka mbio hivyohivyo, na gauni la malkia, na gari la Gurnam likaingia barabara ya Coventry likipita kila kitu. Nyokabi alimvua wigi, pini moja moja, akamfuta poda kwa mate na kitambaa, akilia; naye Moraa hakulia, alihesabu maili. Saa moja iliwakuta bado mbali sana na London. Gurnam hakupunguza mwendo. Aliendesha vilevile mpaka uwanja wa ndege, ingawa wote wanne walijua, akasimamisha gari mbele ya mlango wa abiria, akalaza kichwa kwenye usukani. Ndege nyingine ilikuwa Jumanne.

Aliimba nafasi ile miaka minne. Alizunguka nayo Uingereza nzima, na wanaojua wanasema hajatokea mwingine aliyeanza wimbo wa tendo la tatu chini namna ile. Pesa ikaja, na mabango. Mzee Alfayo hakuwahi kumlaumu, na hilo ndilo lililomfanya Moraa ashindwe kwenda Aston siku za Jumapili kwa muda mrefu. Kila mmoja wao alikuwa amefuata mila barabara, hakuna aliyekosea hata hatua moja, na bado wakafika hapo. Akiwaza hivyo hasira humjaa, na hajui amkasirikie nani ila yeye mwenyewe.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumatano ile jioni alifika Kisii kwa teksi ya kukodi kutoka Nairobi. Mama alikuwa amefariki Jumatatu alfajiri, akazikwa Jumatano mchana, na udongo ubavuni mwa nyumba ulikuwa bado na alama za majembe. Watu walikuwa wamebaki wachache. Kemunto, aliyemwacha akiwa msichana wa miaka tisa, alikuwa sasa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Hakumkumbatia dada yake. Alileta kigoda akakiweka mlangoni, akamletea maji, akangoja.

Moraa aliketi.

"Jumapili jioni alikuwa na akili zake," Kemunto alisema. "Aliuliza kama umefika. Mzee Alfayo alikuwa amepiga simu misheni kwamba wamekukatia ndege ya Jumamosi, tukamwambia uko njiani, unaingia wakati wowote. Akasema basi tusifunge mlango. Tuliuacha wazi mpaka asubuhi."